Namba Tuliyoichora Kwenye Kibao cha Duka

Namba ile ilikaa kwenye kibao cha duka la baba miezi miwili tu, lakini naikumbuka kuliko namba ya kitambulisho changu. Ilichorwa kwa rangi nyekundu, chini ya sanduku letu la posta la Voi: tarakimu zilizotengwa kwa nukta tatu, ndefu kiasi kwamba mchoraji alilazimika kuzibana zisimwagike nje ya ubao. Mimi ndiye niliyemsomea, moja baada ya nyingine, nimejishika kiuno kwa majivuno. Nikikumbuka mkao wangu ule natamani nijizabe kofi.

Baba aliuza vitambaa. Masikio yake yalikwenda na homa kali mimi nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sijui baba anayesikia yukoje. Tulizungumza naye kwa ubao mdogo wa chaki uliokaa daima kwenye meza ya duka. Sisi tuliandika, yeye alijibu kwa mdomo, tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Siri za nyumba yetu zilijulikana na mtaa mzima, ila upande mmoja tu, upande wa baba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumebaki wawili nyumbani. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa ambayo haikunifaa, nafundisha kupiga chapa katika chuo kimoja mjini. Mdogo wangu wa pekee, wa kike, alikuwa Maskati, anakaa kwa shangazi, anafanya kazi katika ofisi ya shule. Ulimi wa mdogo wangu huyo ulikuwa haupumziki. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza, na mama alikuwa akimwambia kwamba siku akinyamaza ataitiwa daktari. Naomba jambo hili likumbukwe, maana mimi nililisahau siku ambayo sikupaswa kulisahau.

Kuzungumza naye kulikuwa tabu. Simu kwa baba ilikuwa kazi bure. Simu ya shangazi yenyewe ilikaa sebuleni, katikati ya wageni, na mtu hawezi kusema la moyoni huku wanawake sita wanakunywa kahawa wakimtazama mdomo. Barua nazo shangazi alizifungua, si kwa ubaya, alikuwa akisema barua ya nyumbani ni ya wote. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata habari kwamba kampuni moja ya Mombasa imeanza kuunganisha watu na intaneti kwa laini ya simu ya kawaida, alituletea modemu kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anarudi. Kompyuta nilikuwa nayo, nzee na nzito, niliyoinunua chuo kilipobadilisha zake.

Siku ya kwanza modemu ilipopiga ile kelele yake ya kukwaruza, niliruka. Baba, ambaye hakusikia kitu, aliweka kiganja juu yake akasema, "Kinapumua."

Programu tuliyotumia ilikuwa rahisi. Watu wawili wanaandika, na kila mmoja anaona ya mwenzake papo hapo. Sharti lilikuwa moja: mmoja lazima ajue namba ya kompyuta ya mwenzake. Nikaitazama yetu kwenye skrini, nikamtumia kwa barua pepe. Jumapili hiyo saa tisa, kwao saa kumi, ofisi yao ikiwa imetulia, akaiingiza. Neno likatokea mbele ya baba: "Shikamoo Baba." Baba akasema marahaba kwa sauti iliyowashtua njiwa wa juu ya bati, mimi nikaiandika. Waliongea saa nzima. Alimuuliza anakula nini, analala wapi, kama anaswali. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anazungumza na mtu wa mbali, na anajibiwa hapo hapo. Alilia bila kujificha, nami nikalia nikiandika.

Jumapili ya pili namba ilikuwa ile ile. Ya tatu, ile ile. Ya nne pia. Basi baba akakata shauri kwamba ni yetu. Utamlaumu vipi? Kwa watu wa rika lake pale Voi, namba ya sanduku la posta ilikuwa kama jina la pili. Ilikuwa kwenye kadi za arusi, kwenye fomu za shule, kwenye magunia ya mizigo. Mtu alizaliwa nayo akafa nayo, na watoto wake wakaendelea kuitumia. Serikali imekupa namba, ni yako. Baba aliona kampuni imetupa namba, nayo ni yetu. Akamwita mchoraji.

Mchoraji alikuna kichwa, akauliza, "Mzee, hii ni leseni ya nini?"

Baba alikuwa hodari wa kusoma midomo ya watu anaowajua. "Si leseni," akamjibu. "Ni mlango wetu wa ng'ambo."

Mimi niliyesoma kozi ya kompyuta, niliyekuwa na cheti ukutani, sikutia neno. Niliamini vile vile.

Posa ilikuja kwa barua ya shangazi. Mtoto wa kambo wa shangazi, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anamtaka mdogo wangu. Kila kitu kilikuwa tayari. Siku ilishapangwa, Alhamisi baada ya Magharibi. Kilichobaki ni baba, aliye walii wa binti yake, atoe idhini na ampe wakala mume wa shangazi afungishe ndoa kwa niaba yake. Shangazi aliandika kwamba msichana amekubali na anaona haya tu kusema.

Baba alikataa kutoa wakala kwa maneno ya mtu mwingine. Alisema, "Nitamuuliza mwenyewe. Baba ndiye anayeuliza." Na kwetu swali hilo lina utaratibu wake. Mwari akiulizwa na baba yake, hatarajiwi kupayuka. Akikataa, atasema. Akinyamaza, imechukuliwa kwamba ameridhia, haya ndizo zilizomfunga mdomo. Hata mimi niliulizwa hivyo, nyuma ya pazia, nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza ni habari ndefu. Haikuwa haya.

Jumapili hiyo, siku nne kabla ya arusi, baba alivaa kanzu safi akakaa mbele ya kompyuta. Modemu ikakwaruza, ikaingia. Saa tisa kamili mdogo wangu akatokea. Wakasalimiana. Kisha baba akasema, taratibu, sauti yake ikiwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Mwandikie hivi. Mwanangu, fulani amekuja kukuposa kwa njia ya shangazi yako. Mimi baba yako nakuuliza. Umeridhia akuoe?"

Nikaandika. Nikatuma. Kisha upepo wa Voi, ule unaovumisha vumbi jekundu kila alasiri, ukatikisa nyaya za nje na laini ikakatika.

Haikunishtua. Laini ilikuwa na tabia hiyo. Nikapiga tena, nikakuta imeshikwa. Nikapiga mara ya pili, imeshikwa pia. Majuma yote hayo haikuwahi kushikwa, na mtu mwenye akili angejiuliza. Mara ya tatu ikaingia. Nikarudi kwenye programu, nikamwandikia baba ubaoni kwamba tumerudi, tungoje. Namba yetu ilikuwa imeandikwa pale pembeni mwa skrini, kwa maandishi madogo. Sikuitazama. Nani anatazama namba ya mlango wake kila anapoingia nyumbani?

Tukangoja. Robo saa. Nusu saa. Skrini ilikuwa tupu chini ya swali la baba, lililokuwa bado limesimama pale. Baba hakupepesa macho. Nilijua mdogo wangu anajua mlango wetu ulipo. Nilijua kwamba kama ana la kusema atabisha. Saa kumi ilipogonga baba alishusha pumzi, akapitisha viganja usoni.

"Amenyamaza," akasema. "Alhamdulillahi. Ameridhia."

Akaniambia nimpigie shangazi simu. Nikapiga. Kwa kinywa changu hiki nilisema baba ametoa idhini na amempa wakala mumewe, na upande wa pili nikasikia vigelegele vikipasuka kabla sijakata. Sikuuliza kama naweza kusema na mdogo wangu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupika.

Jumanne asubuhi simu ya duka ililia. Alikuwa fundi wa ile kampuni ya Mombasa, kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Dada, Jumapili mchana ulikuwa kwa laini?"

"Nilikuwa."

"Ikakatika kama saa tisa na kitu, ukarudi?"

"Ndiyo."

"Basi kuna mteja wetu wa Wundanyi amepata maneno, na mimi naona ni yenu. Nimekataa kumpa jina lenu mpaka niwaulize. Nimpe?"

Nilimwambia haiwezekani, maneno yetu yanakuja kwenye namba yetu. Nikamtajia namba, bila kusoma popote, kwa kiburi.

"Dada, hiyo si namba yako."

"Iko kwenye kibao cha duka!"

"Kwa kibao?" Nadhani alitaka kucheka akajizuia. "Dada, hiyo ni namba yetu. Sisi tunakukopesha tu ukiwa kwa laini. Tuna laini chache hapa, na kila laini ina namba yake. Anayeingia kwanza anapata ya kwanza. Jumapili mchana ulikuwa unaingia peke yako, ndiyo maana ulikuwa unapata ile ile. Sasa wateja wameongezeka. Ulipokatika tu, yule wa Wundanyi akaingia, akapewa ile. Wewe uliporudi ukapewa ingine."

Nilikaa chini kwenye robota la kitambaa. Maelezo yale mtoto wa darasa la tano angeyaelewa. Ni kama kile kibati cha namba wanachokupa kwenye dirisha la hospitali: unakishika ukiwa unangoja, ukitoka unakirudisha, anayekuja nyuma yako anapewa kile kile, na nesi akiita namba hiyo ni yeye atakayeinuka. Mimi nilikipeleka kibati kwa mchoraji.

Siku hizi nina kisanduku cha intaneti sebuleni, kinawaka taa usiku kucha, na nimemuuliza fundi wake maswali mpaka amechoka. Anasema hata hiki hakina namba yake. Kinapewa kwa muda, tuseme siku moja, na muda ukifika nusu kinaomba kiongezewe, kimya kimya, sisi tukiwa tunakula. Kikikubaliwa kinabaki na ile ile, hata miezi, mpaka mtu ajisahau akadhani ni mali yake. Stima ikipotea kwa muda mrefu, mkopo unaisha, namba inarudi kwenye fungu lao na kupewa nyumba nyingine. Anashangaa kwa nini mama mzima kama mimi ninahangaika na jambo hilo. Sijamwambia.

Nilimruhusu fundi ampe jina letu, na yule mteja wa Wundanyi alifika dukani adhuhuri ile ile. Alikuwa karani wa ofisi ya kilimo, Mdawida wa makamo kutoka milima ya Taita, koti lake limefungwa vifungo vyote ingawa Voi kulikuwa kunachoma. Nilitaka ayasome hayo maneno kwa simu, alikataa. Alikuwa amemwambia fundi kwamba maneno ya nyumba ya watu hayasomwi kwenye waya.

"Pole, dada," akasema akisimama mlangoni. "Hii maneno iliingia kwa kompyuta yangu Jumapili. Mimi sikuwa hapo. Ng'ombe yangu ilikuwa inazaa, nikaacha mashine ikivuta makaratasi ya kazi, na hiyo programu ya kuandikiana iko wazi, nikaenda zizini. Kurudi nikakuta mtu ameandika, ameshaenda. Nilisoma ya kwanza nikajua si yangu, lakini nilikuwa nimeshasoma. Mnisamehe."

Akanipa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameichapa. Niliifungua nikiwa nimesimama.

"Baba imekatika lakini nimekupata tena. Sitaki. Nimemwambia shangazi mara tatu, anasema ni haya. Si haya Baba. Sitaki."

Chini yake: "Baba, upo? Naona umeunganishwa. Nijibu."

Chini yake: "Nijibu hata neno moja."

Na mwisho kabisa: "Basi nimeelewa. Umeninyamazia. Kama ndivyo unavyotaka wewe, sitakuaibisha."

Sikulia. Kilichonishtua zaidi hakikuwa kukataa kwake. Ni kwamba alikuwa ametungoja. Muda ule ule tuliokuwa tunaitazama skrini tupu, naye alikuwa anaitazama yake, imeunganishwa barabara, na upande wa pili hakuna mtu, kuna kiti kitupu Wundanyi na ng'ombe anazaa. Sisi tulisoma kimya chake, naye akasoma chetu. Msichana asiyejua kunyamaza, nami dada yake sikushtuka!

Baba alikuwa ameshaona uso wangu. Akanyoosha mkono. Nilitaka kumwandikia ubaoni kwanza, nimwandae, lakini mkono wake ulikuwa haushuki, kwa hiyo nikampa karatasi yenyewe. Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaisoma tena. Yule karani alikuwa ameinamisha kichwa kama aliye msibani.

"Hii ilikuja lini?" baba akauliza.

Nikaandika: Jumapili. Ulipokuwa unangoja.

"Ilikuja wapi?"

Nikamwonyesha karani.

"Na kile kibao?"

Nikaandika: Namba si yetu. Wanatukopesha. Inahama.

Baba alitazama nje, kwenye mgongo wa kile kibao kilichokuwa kinaning'inia juani. Sijawahi kumwona binadamu ameduwaa vile. Baba yangu, ambaye si mtu wa kusema polepole, alisema polepole. "Nimemuoza mwanangu kwa waya uliokatika. Na yeye anadhani nilimsikia."

Kisha akainuka, akaiendea simu. Miaka yangu yote sikuwahi kumwona baba akiigusa simu ile. Alikuwa akiipitia mbali, kama chombo cha mtu mwingine. "Nipigie," akasema.

Nikapiga Maskati. Aliyepokea alikuwa shangazi, na nyuma yake nilisikia mashine ya cherehani na wanawake wanacheka. Walikuwa wanashona nguo za arusi. Kabla sijamaliza salamu baba alinipokonya mkono wa simu, akaushika kwa mikono miwili mbele ya mdomo.

"Dada yangu, ni mimi kaka yako. Sikusikii, kwa hiyo usijisumbue kusema. Wakala niliompa mumeo nimeuondoa. Nimeuondoa! Yuko shahidi hapa." Akamtazama karani, na yule bwana wa watu, Mkristo wa milimani aliyeshuka kurudisha karatasi tu, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa nipe mwanangu."

Nilisogeza sikio langu kwenye simu, nyuso zetu zikagusana. Shangazi alikuwa anasema mambo mengi kwa pamoja, watu wamealikwa, heshima yetu itakuwaje, wewe mtoto umemwandikia nini baba yako huko. Mashine ya cherehani ikasimama. Vicheko vikakoma. Kisha nikasikia mkono wa simu ukipokewa na mtu mwingine, na pumzi ninayoijua.

Nikamgonga baba begani: ndiye.

"Mwanangu," akasema. "Ni mimi. Jumapili sikuyapata maneno yako. Wallahi sikuyapata. Nakuuliza upya. Umeridhia?"

Pumzi tu. Nilimwona akilini, amesimama katikati ya sebule ile, wanawake sita wanamtazama mdomo, kitambaa cha arusi yake kiko magotini mwao. Sekunde zikapita. Baba alikuwa ananikodolea macho.

"Amesema nini?"

Nilichukua chaki. Sikuwa na la kumdanganya. Nikaandika: Amenyamaza.

Baba alilitazama neno hilo. Akalifuta kwa mkono wa kanzu, ubao ukabaki na wingu jeupe.

"Kimya sikitaki tena," akasema kwenye simu, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, nimeshauriwa na kimya mara moja kikaniangusha. Niko hapa. Sitatoka hapa. Sema!"

Ndipo akasema. Kwa sauti yake ya utotoni, ile ya kujibu kabla hujamaliza, mbele ya shangazi na wageni na cherehani yao. Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, chaki ikavunjika katikati, nikamalizia kwa kipande. Baba akalisoma kwa sauti, na barabara nzima ya Voi ikasikia jibu la mwanawe:

"Sitaki!"